Kamati ya Kudumu ya Vidonge vya Tende

"Umoja wa Wazungumzaji wa Kiswahili Stockholm na Viunga vyake, UWAKISTOVI, unayo furaha kubwa, na unyenyekevu usiopungua furaha hiyo, kuutangazia umma kwamba njaa ya watoto wetu ya saa nne asubuhi sasa imeundiwa kamati. Wananchi mnaombwa kuwa watulivu."

Tangazo hilo lilitumwa kwenye kundi la WhatsApp Jumapili mchana. Mwenyekiti Vedasto aliliandika kwa mkono wake mwenyewe, tena akiwa amesimama, maana aliamini kauli ya serikali haiandikwi kwa kukaa, hata kama serikali yenyewe ni ya wanachama sitini na ukumbi wa kuazima. Kabla ya kulituma alimsomea mkewe, Dativa, aliyekuwa anafunga kamba za viatu awahi zamu kwenye nyumba ya wazee kule Skärholmen. Dativa akasema sawa, akachukua mwavuli, akaondoka. Mwenyekiti akaongeza mstari wa chini: familia inaunga mkono.

Na wananchi kweli walikuwa watulivu. Wengi hawakulisoma.

Sasa mtu asije akadhani kamati hii ilitoka hewani. Ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na miaka saba na pengo la meno mawili ya mbele. Mélissa, binti wa Emérithe, Mrundi anayekaa Hjulsta pale treni ya bluu inapoishia, ana ugonjwa unaoitwa seliaki. Akila ngano, hata chembe, tumbo linamkata siku kadhaa na shule haendi. Daktari hakumshauri aiache, alimkataza. Kwa hiyo kila Jumamosi, darasa la Kiswahili likiisha na akina mama wakifungua mabeseni ya mandazi na sambusa, Mélissa huchukua kikontena chake akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi za ukumbi, makombo ya wenzake yasimfikie. Akimaliza hurudi kucheza. Halalamiki kabisa, na hilo ndilo lililokuwa likimuumiza mama yake.

Siku moja Emérithe akamfuata Mwenyekiti, akamwomba jambo dogo. Kwenye pikiniki ya kufunga mwaka wa masomo, kiwepo kitu kimoja tu ambacho watoto wote watakula kutoka sinia moja, na wake akiwemo, na kikibaki wakitie kwenye visanduku vyao warudi nacho nyumbani. Aliomba kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mwenyekiti angeweza kusema, sawa Mama Mélissa, mambo yakaishia hapo. Lakini Mwenyekiti si mtu wa kulidharau tatizo la mwenzake kwa kulitatua papo hapo.

Isitoshe, katika suala la ngano hakuna Mswahili Stockholm nzima aliyekuwa na sifa za kumzidi. Miaka miwili nyuma Mwenyekiti aliacha ngano. Hakuna aliyemwambia aache. Alisoma mahali, akaacha. Mkate marufuku, chapati marufuku. Keki za harusi alizikataa kwa kiganja, macho amefumba, kama mtu anayekataa rushwa mbele ya kamera. Asubuhi uji, mchana ugali, jioni ugali. Wali aliuita chakula cha wagonjwa. "Mimi ni mtu wa mahindi," alikuwa akiwaambia watu hata misibani. Alidai tangu aiache ngano mwili umekuwa mwepesi na akili imefunguka, na kwamba ngazi yoyote ya kituo cha treni anaipanda bila kushika chuma. Waliomwona akipanda hawakuona tofauti, ila walinyamaza kwa heshima.

Basi kamati ikaundwa. Katibu akawa Vénant, Mrundi mpole aliyesomea sheria Bujumbura na asiyeweza kumaliza sentensi bila kutia "kwa mujibu". Jibril wa Fisksätra akaingia kuiwakilisha Kenya. Domina, anayepikia harusi zetu zote, akapewa cheo cha Mtaalamu wa Utekelezaji, maana yake ndiye angefanya kazi. Emérithe naye akatangazwa Mdau Mkuu. Mdau Mkuu ana haki ya kukaa, kusikiliza, na kuleta chupa ya chai.

Kikao cha kwanza kilijadili kitafunio ni nini. Baada ya mvutano mkali ikapitishwa kwamba kitafunio ni chakula kinacholiwa na mtu ambaye bado hajaanza kula. Kikao cha pili kilihusu umbo. Jibril akasema jamani, hiki kitu mbona kipo, watoto wake wanakitengeneza shuleni kwa tende na nazi, wanakiita bollar, yaani mipira, na ukianza kuponda saa kumi, saa kumi na moja umekula. Aliombwa aifute kauli hiyo, akaifuta. Jina rasmi likapitishwa: Kitafunio Duara Kisicho na Mnyama wala Ngano. Akina mama, ambao hawana nafasi ya kutaja jina refu namna hiyo huku mtoto analia, wakaviita vidonge.

Yakafuata makatazo. Karanga na jamii yake zikaondolewa, kwa kuwa shule za huku hazizitaki. Ufuta ukaondolewa kwa sababu ya mtoto mmoja wa Fisksätra anayewashwa. Kakao ikaondolewa kwa kuwa inafanana na chokoleti, na mtoto anaweza kufurahi kabla ya wakati. Zikabaki tende, nazi iliyokunwa, mbegu za maboga za kukaanga, na iliki. Domina akaloweka tende, akazitoa kokwa, akaziponda pamoja na mbegu, akatia iliki, akafinyanga vidonge na kuvigaragaza kwenye nazi. Vikatoka vizuri sana, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Watu wetu, kama ujuavyo, hatuna desturi ya kutia mkono kwenye chakula wakubwa hawajaanza. Kamati ikaigeuza desturi hiyo kuwa sayansi: majaribio ya usalama yatafanyika kwa kufuata vyeo. Mwenyekiti akaonja vitatu, apate uhakika. Katibu akaonja vitatu, kuthibitisha uhakika wa Mwenyekiti. Kenya ikaonja kwa niaba ya Kenya, kisha kwa niaba ya Uganda ambayo haikuwa na mjumbe. Sinia lilipomfikia Mdau Mkuu lilikuwa limebaki na unga wa nazi. Kumbukumbu za kikao zikaeleza kwamba sampuli zote zimeteketezwa kitaalamu. Kikao kilichofuata zikateketezwa tena.

Halafu Mwenyekiti akagundua kasoro. Vidonge vilikuwa vinanata vidoleni, na kiongozi hawezi kula kitu ambacho baada yake hawezi kumpa mtu mkono. Akapendekeza vitiwe unga kidogo wa kukaanga, upunguze kunata. Unga wa mahindi. Emérithe akainua kidole. Aliuliza kwa adabu kama unga huo ni safi, maana mwingine husagwa kwenye mashine zilizosaga ngano, na mtoto wake hahitaji nyingi.

Mwenyekiti akatabasamu kwa huruma.

"Mama Mélissa, huo unga ndio ninaokula mimi," akasema. "Asubuhi, mchana na jioni. Mimi, mtu nisiyegusa ngano. Kama una ngano, basi na mimi nina mkia."

Emérithe akamtazama. Ni mama aliyezoea kusoma maandishi madogo nyuma ya kila pakiti, hata ya chumvi. Lakini huyu alikuwa mtu mzima, Mwenyekiti, aliyekataa keki mbele ya halaiki kwenye harusi tatu. Akasema sawa, Mwenyekiti, nakuamini.

Unga huo Mwenyekiti aliuandaa mwenyewe, maana kazi nyeti haikabidhiwi mtu. Mkewe akiwa kazini, aliingia jikoni kwake, mahali alipokuwa akipatembelea kwa nadra kama waziri anavyotembelea mikoa ya pembezoni. Akaikuta ndoo nyeupe yenye mfuniko, akajua ndiyo, kwa kuwa ilikuwa karibu na mwiko wa ugali. Akaukaanga unga mpaka ukawa rangi ya udongo na nyumba nzima ikanukia, kisha akampelekea Domina ukiwa tayari umepoa. Domina akautia. Vidonge vikakaza, vikaacha kunata, na Mwenyekiti akatamka kwamba kazi imekwisha.

Siku hiyohiyo akampigia simu Mélissa. Hakuna kanuni iliyomtaka afanye hivyo. Alifurahi tu, akataka kuisikia furaha ya mtoto. Akamweleza kwamba Jumamosi atakula sawa na wenzake, sinia moja, na kwamba ameteuliwa Mwonjaji Rasmi, wa kwanza kabisa kutia kidonge mdomoni. Mélissa, kama watoto wetu wote wa huku, akamjibu Kiswidi.

"Lovar du?" akauliza, yaani unaahidi?

Mwenyekiti hakuzoea maswali mafupi. Akasema naahidi, kwa niaba ya Kamati na kwa niaba yangu binafsi. Mélissa akawaambia darasa zima, mwalimu wake, na bibi mmoja wa ghorofa ya chini ambaye hata hajui Kiswahili ni nini. Nguo ya kuvaa akaitandika kwenye kiti wiki nzima kabla, na mama yake akaiacha palepale.

Jumamosi yenyewe ikafika na jua lake, mwanzoni mwa Juni, kwenye majani ya Järva nyuma ya Hjulsta, penye majiko ya umma ya kuchomea. Waswidi walikuwa wamelala wamejianika kama samaki. Sisi tulikuwa na meza kuu. Kitambaa cheupe, maua ya plastiki, chupa za maji zenye vibandiko vya vyeo, na Katibu aliyekaa juu ya ratiba isipeperushwe na upepo. Njiani Jibril, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, alikuwa akikagua mizigo, ngano isiingie. Mandazi, sambusa, mikate ya jibini, vyote vikaingia kwenye mifuko mikubwa ya bluu, ikafungwa fundo. Hakuna aliyegomba. Mwenyekiti alifikiri wanaitii kanuni. Wao walikuwa wanamfikiria mtoto.

Ratiba ilianza kwa kutambua uwepo. Vénant akatambua uwepo wa kila mtu, kisha kwa mujibu wa itifaki akatambua na uwepo wa wasiokuwepo. Lililofuata lilikuwa kumkaribisha Mgeni Rasmi. Mialiko ilipelekwa kwa wakubwa mbalimbali wa jiji, ambao wote walikuwa na majukumu mengine, hivyo Kamati ilimteua Mwenyekiti. Mwenyekiti akasimama kama Mwenyekiti, akaeleza kwa hisia maisha na utumishi wa Mgeni Rasmi, akamkaribisha, akaketi. Kisha akasimama kama Mgeni Rasmi, utepe kifuani, akamshukuru Mwenyekiti kwa maneno mazuri ambayo hakuyatarajia.

Watoto walikuwa wamepangwa mbele, kila mmoja na kidonge kimoja juu ya karatasi laini. Amri ilikuwa moja: hakuna kula kabla neno "nazindua" halijatamkwa. Mélissa alisimama wa kwanza, nguo yake imenyooshwa, kidonge amekishika kwa mikono miwili, macho hayabanduki. Hotuba ikaanza na historia ya tende. Ikapita kwenye mchango wa nazi katika ukombozi wa fikra. Ikafika kwenye mustakabali wa kisanduku cha chakula kusini mwa jangwa la Sahara, ikakaa hapo. Watoto wa nyuma walikwisha kula vyao na kujifuta. Mélissa hakulamba hata kidole.

Wakati huo Dativa akawa anafika, katoka zamu ya asubuhi Skärholmen, kabadilisha treni nyekundu kwa ya bluu, sare ya kazi bado iko mwilini. Akajibwaga kwenye majani kando ya Domina, akavua viatu, akauliza hivyo vidude ni nini. Domina akamtajia: tende, nazi, mbegu za maboga, iliki, na ule unga wa mahindi wa mzee.

"Unga wa mahindi ameutoa wapi?"

"Si kwenu. Kwenye ile ndoo."

Dativa akasema kwao hakuna unga wa mahindi. Wakatazamana, na rangi ikamtoka Domina.

Hapa inabidi jambo moja lielezwe, ingawa kila jikoni kuanzia Hjulsta mpaka Fisksätra linajulikana. Miaka ile tunaingia nchi hii, unga wa mahindi kuupata ilikuwa kama kutafuta dhahabu. Akina mama wakavumbua mannagryn, ngano iliyosagwa chenga, ambayo Waswidi huwapikia watoto wachanga uji. Ukiitia kwenye maji yanayochemka na kusonga kwa nguvu, inasimama, inakuwa ugali mweupe mgumu ambao hata mkwe hatautilia shaka. Ikawa mazoea, na hata unga wenyewe ulipokuja kujaa madukani, wengi hawakurudi nyuma. Dativa hakumficha mumewe. Ni kwamba Mwenyekiti, miaka yote hiyo, hakuwahi kuuliza anakula nini. Aliuliza kama kiko tayari.

Dativa akasimama pekupeku.

"Vedasto," akaita.

Mkutano ukashtuka, maana kwenye shughuli hakuna anayelitaja jina hilo likiwa tupu. Vénant akanyanyuka kumweleza shemeji yake kwamba, kwa mujibu wa ratiba, michango ya wananchi itapokelewa kwenye Mengineyo, mara baada ya kuonja. Dativa akasema la kwake ni kabla ya kuonja. Vénant akataka kujua kama ni hoja ya taarifa au hoja ya utaratibu, kwa kuwa taratibu zake hazifanani. Mwenyekiti, asiyependa kukatishwa akiwa jangwani, akanyoosha kiganja na kuomba mambo ya kifamilia yasubiri nyumbani. Ili kuzima minong'ono, akaruka kurasa nne akaenda moja kwa moja mwisho.

"Kwa mamlaka niliyopewa," akasema, "naz—"

"Ngano," Dativa akasema. "Ule unga ni mannagryn, mume wangu. Ni ngano tupu."

Kidonge cha Mélissa kilikuwa kimefika mdomoni. Hakikuwa kimeingia. Hakuna aliyemwona Emérithe akikimbia. Walimwona tu amekwishafika, ameukamata mkono wa mtoto, anafuta viganja kwa upindo wa kitenge na maji ya chupa ya Katibu. Akampanua mdomo, akachungulia. Akamuuliza kama amelamba. Mélissa akatikisa kichwa.

"Nej, mama. Nilisubiri."

Haki itendeke: katika historia nzima ya Umoja huu, hiyo ndiyo mara ya kwanza hotuba ndefu kumfaa mtu.

Mélissa akaliangalia sinia, akawaangalia wenzake wenye nazi midomoni, akasema "okej" kwa sauti ya mtu mzima. Akachukua kikontena chake akaenda kutafuta pa kukaa mbali na watu. Akaliona jiwe, akaliendea. Akina mama waliomwona wakageuza nyuso pembeni.

Mwenyekiti alikuwa bado amesimama, mdomo uko kwenye "naz". Ni aibu kusema, lakini jambo la kwanza alilolifikiria halikuwa mtoto.

"Asubuhi nakula nini?" akamuuliza mkewe.

"Uji wa mannagryn."

"Na jioni?"

"Si unajua."

"Miaka miwili yote? Na ule wepesi wangu wa mwili?"

Dativa akasema kuhusu wepesi hawezi kumsemea.

Jibril, kule kwenye mifuko, akageuka kutazama miti, mabega yanamtikisika. "Mtu wa mahindi," akasema mmoja huko nyuma, taratibu tu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mswidi mmoja aliyekuwa amejianika akainuka kuangalia kuna nini, akacheka naye bila kuelewa. Mwenyekiti akagonga meza, akatangaza kuundwa mara moja kwa kamati ndogo ya uchunguzi. Akangoja mtu aunge mkono. Hata Vénant, aliyekuwa na kalamu mkononi, hakuandika kitu.

Emérithe akaja mbele ya meza kuu. Hakupaza sauti, na vicheko vikakatika vyenyewe.

"Mimi sikuiamini kamati, Mwenyekiti," akasema. "Nilikuamini wewe. Na mtoto alikuuliza kama unaahidi."

Hapo ndipo ilipomwingia. Aibu ilimshika Mwenyekiti Vedasto, si ile ya mikutanoni inayoondoka ukinywa maji. Alitazama kule kwenye jiwe akaona mgongo mdogo uliovaa nguo mpya. Angempa mtoto yule sumu kwa mkono wake, na angempigia makofi. Akamgeukia mkewe, akamuuliza kwa sauti ya chini nifanye nini. Katika ndoa yao ndefu lilikuwa swali geni, na Dativa alichukua muda kidogo kuhakikisha amelisikia.

Kisha akamwambia aende Tensta kwa wauza matunda, akanunue mahindi. Si unga. Mahindi yenyewe, mabichi, na majani yake, ayaone kwa macho yake mwenyewe. Akamwambia Jibril mifuko ya bluu ibaki imefungwa mpaka mahindi yaive. Hakupiga kura, hakutambua uwepo wa mtu, na watu zaidi ya sitini wenye njaa wakatii.

Mwenyekiti alitaka kuuliza kama kutakuwa na msafara, akaliangalia jicho la mkewe, akaenda. Akavuka daraja la barabara kuu kwa miguu, suti yake na utepe wa Mgeni Rasmi kifuani, na akarudi na gunia begani, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi. Ile ngazi ya daraja aliipanda ameshika chuma kwa mikono yote miwili, gunia amelibana kwa kidevu.

Domina alikuwa amekwishawasha mkaa. Emérithe akatandika karatasi ya foili mpya juu ya wavu, maana jiko la umma huwezi kujua jana lilichoma nini. Mahindi yakamenywa, yakapangwa, yakaanza kupasukapasuka na kunukia. Jamani, harufu ile. Watu wazima wakawa wanameza mate waziwazi. Wa Kigoma akaanza kusimulia mahindi ya kwao, wa Kisumu akamkatiza na ya kwao, wa Bujumbura akasema nyote mnadanganya. Ndimu zikakatwa, chumvi ikachanganywa na pilipili, na hindi la kwanza, bila mjadala, likapelekwa kwenye jiwe.

Mélissa akalipokea, akaligeuzageuza. Akalijaribu kwa upande huu, akalijaribu kwa ule. Pengo halikumruhusu; bila meno ya mbele, hindi la kuchoma ni la kutazama tu. Mama yake akainuka kumsaidia, lakini mtoto akampita. Akaenda mpaka kwa Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa peke yake nyuma ya meza kuu na maua ya plastiki, akakifungua kisanduku chake, akamwekea mapajani pamoja na hindi.

"Pukuchua," akamwambia, kwa Kiswahili kizuri kabisa cha Jumamosi.

Mwenyekiti akashuka kitini, akakaa kwenye majani, akaanza kupukuchua. Hindi lilikuwa la moto, vidole vyake vilikuwa vya ofisini. Akawa anapuliza, anapukuchua, anapuliza vidole, punje zinadondoka kisandukuni mojamoja kisha mistari mizima. Mélissa akatia ndimu. Akatia moja mdomoni, akatafuna kwa meno ya pembeni, akafumba macho. Alipoyafumbua, wenzake walikuwa wamekwishapanga foleni, visanduku wazi, hata wale wenye meno yote. Mmoja anataka bila pilipili, mwingine anataka zilizoungua, wote wanamwamrisha kwa Kiswidi na yeye anaitikia. Vénant akasogea kumnong'oneza kwamba punje ya hindi, kwa mujibu wa azimio la kikao cha pili, nayo ni duara. Mwenyekiti akamwambia anyamaze alete hindi jingine.

Mélissa hakurudi kwenye jiwe. Alikaa katikati ya wenzake, mikono yote inaingia kisanduku chake na wake unaingia vya wengine, midomo imekuwa myeusi kwa masizi, maneno ya lugha mbili yanagongana. Emérithe alikuwa anatafuna hindi lake huku machozi yanamtoka na hana habari ya kuyafuta. Ile mifuko ya bluu ilikuja kukumbukwa jua limeinama, na wengi walikwishashiba.

Foleni ilipokwisha, Mwenyekiti alibaki amekaa na vigunzi vitupu vimemzunguka, vidole vyekundu, tumbo linaunguruma, maana katika yote hayo yeye hakuwa ameonja kitu. Mélissa akaja akasimama mbele yake. Akamuuliza, kwa upole uleule ambao watu humuulizia yeye mtoto kila aendako, kwamba wewe ni nini usichoweza kula.

Mwenyekiti akavitazama vile vigunzi. Akajibu kwamba hajui tena.

Mtoto akamshika mkono, akaufungua, akammiminia punje zilizobaki kisandukuni.

"Hii unaweza," akamwambia. "Ni mahindi tu. Nimeangalia."

Akala. Na kwa mujibu wa kumbukumbu zote zilizopo, huo ndio mlo wa kwanza usio na ngano aliowahi kula Mwenyekiti Vedasto tangu siku alipoacha ngano.